Jinsi ya Kutengeneza Padi Isiyomaliza Msimu

Ndugu mtengenezaji, kama unatafuta soko la padi za gemu na vipanya vya kompyuta visivyodumu, anzia Voi. Mji huu umejaliwa visingizio. Kuna vumbi jekundu la Tsavo linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, kuna jua, kuna stima inayopotea na kurudi kwa kishindo. Bidhaa yako ikifa, mteja atalaumu hali ya kwao, nawe utabaki na heshima zako.

Shughulikia kwanza kijiti cha kushoto. Chini yake weka vipande vya kaboni, na juu yake vijilimi vya chuma vinavyokwaruza kila kijiti kinaposogezwa. Kaboni italika. Siku moja, kwenye kibanda cha gemu pale mtaani Sofia, mshambuliaji atajiondokea polepole kuelekea kibendera cha kona, hali kijana aliyeshika padi hajagusa kitu na ameshalipia mechi. Mafundi wa iFixit wa Marekani walikadiria mwaka 2021 kwamba kijiti cha padi ya PlayStation 5 kinaweza kumaliza umri kiliopimiwa kiwandani baada ya saa 417 za mchezo mmoja wa vita. Padi ikichezwa saa 10 kila siku, hizo ni wiki sita. Mwenye kibanda hata mtaji hajarudisha.

Vumbi litasingiziwa, usikanushe. Muhimu ni mteja asipate habari za Ulaya, ambako Januari 2021 muungano wa vyama vya watumiaji, BEUC, ulipeleka mashtaka dhidi ya Nintendo kwa Tume ya Ulaya, ukiwa na malalamiko karibu 25,000 kuhusu padi za Switch. Katika asilimia 88 ya visa hivyo, padi ziliharibika ndani ya miaka miwili. Vumbi la Tsavo, inaonekana, husafiri mbali.

Habari za sumaku pia asizipate. Kampuni ya Sega iliziweka badala ya kaboni kwenye kijiti cha Dreamcast, mashine iliyotoka Japani mwaka 1998: hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Ukilazimika kuurudisha ufundi huo wa kale, uite “Pro” na upandishe bei.

Kipanya hakina kazi kubwa. Tia swichi ambayo kibati chake kitachoka, mtu akibofya mara moja kompyuta isikie mara mbili. Kijana wa saiba anayemjazia mzee wa Mwatate fomu za kodi za KRA atajionea. Kipake juu mpira laini utakaonata kwa joto la Februari, na skurubu zifiche chini ya vibandiko vya tumboni, ili atakayetaka kukifungua aanze kwa kukiharibu. (Kile kilichoingia Taveta kutoka Holili kwa njia za panya hakihitaji ushauri wangu. Kilizaliwa mgonjwa.)

Waranti toa, tena ya mwaka mzima. Iandike kwenye risiti ya karatasi ile ambayo maandishi yake hufifia, halafu kituo cha kurudishia kiwe Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Nauli peke yake itapita bei ya kipanya.

Adui yako ni fundi. Usimdharau kwa kuwa kibanda chake kinatosha meza moja tu. Huyu ameshagundua kwamba kwenye gemu ya mpira kijiti cha kulia hakitumiki kama cha kushoto. Basi anaving'oa vyote viwili, kila kimoja na miguu yake 14, anavibadilisha nafasi, anachomelea, na padi inarudi uwanjani. Zisizopona huzitupa kwenye boksi la vipuri, achomoe hiki leo na kile kesho. Dhidi yake napendekeza gundi kwa wingi, toleo jipya kila mwaka lenye umbo tofauti kidogo, na skurubu za vichwa ambavyo bisibisi yake haiuzwi mjini. Hizo skurubu lakini usizitegemee sana: bisibisi yake ameshaichonga mwenyewe kwa spoki ya baiskeli.