Kiwanda Changu Kimeota Chenyewe: Barua ya Wazi kwa Mpanga Ardhi

Kwa Afisa Mipango ya Matumizi ya Ardhi,
Popote ulipo, ilimradi si kijijini.

YAH: OMBI LA KUPATIWA RANGI KWENYE RAMANI

Kamwene, mheshimiwa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ramani ya matumizi bora ya ardhi tumeipokea, imebandikwa ofisini kwa mtendaji. Ni nzuri kweli. Makazi yana rangi yake, kilimo yake, malisho yake, msitu wa hifadhi yake, na makaburi nayo yamekatiwa kipembe. Sheria ya mwaka 2007 inataka vijiji vipangwe hivyo, na mkutano mkuu ulipoitishwa tulinyoosha mikono, na wangu ukiwemo. Shida ilianza siku ya pili, tuliporudi kuitazama tukiwa na utulivu na kuitafuta humo milanzi yetu, mianzi ya ulanzi, tusiione.

Kwa kuwa huenda hukukulia nyanda hizi za Iringa na Njombe, niruhusu nieleze. Ulanzi ni pombe ya mwanzi, wala haupikwi. Mvua zikikolea, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha lingali laini, kisha mgemi hulichonga asubuhi na jioni, kipande chembamba tu, ili lisizibe. Utomvu hudondokea kwenye mbeta, pingili ya mwanzi iliyofungwa papo hapo. Humo ndani, bila hamira, bila moto na bila umeme, unaanza kuumuka wenyewe. Ukiwahi utakuta mtogwa, mtamu, hata mama mkwe wangu aliyeokoka hunywa na kusifu. Ukichelewa ni mkangafu, na huo mama mkwe hausifu hadharani.

Sasa mheshimiwa, hapo shamba limeishia wapi na kiwanda kimeanzia wapi? Ninauliza kwa sababu afisa mmoja aliyetutembelea alinieleza, kwa upole kabisa, kwamba usindikaji wa vileo hauruhusiwi kwenye eneo la kilimo, na kwamba kijiji kimetenga eneo la viwanda vidogo kule barabarani. Nikamwonyesha kiwanda. Kilikuwa na majani. Nikamwomba ushauri kama nikihamishe na mizizi yake, au nipeleke mbeta peke yake barabarani na kuusihi mwanzi udondoshee huko. Aliandika kitu kwenye daftari, akaomba kuonja.

Nikajaribu milango mingine. Mtu wa misitu akasema mwanzi ni zao la msitu, kwa hiyo kukata ni kuvuna, na kuvuna kuna kibali. Babu yangu aliupanda kwa jembe lake mwenyewe, lakini sikubisha, maana mwenzake wa kilimo alikuwa ameshaniambia kwamba ulanzi haumo kwenye orodha yake ya mazao. Wataalamu wa mimea nao wanasema mwanzi ni jamii ya nyasi. Nikafurahi: basi tuko malisho! Wafugaji wamekataa, wanasema ng'ombe akinywa mkangafu watamrudishaje zizini.

Likaja la mita 60. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi naiunga mkono, kwa kuwa mto wetu ndio tunaokunywa. Ila mwanzi hupenda bondeni, karibu na vinyungu, bustani zetu za bondeni, na mizizi yake hushika udongo wa ukingo kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Ng'ambo ya bonde letu, milingoti, yaani mikaratusi, imepangwa mistari iliyonyooka ikinyonya maji mchana na usiku. Ina rangi yake kwenye ramani, kijani iliyokolea, imeandikwa uwekezaji. Nadhani kosa la mwanzi ni kukosa kampuni.

Wivu sina. Dodoma wana zabibu, na mvinyo wao ukitajwa viongozi hupiga makofi na kuagiza mashamba yapanuliwe. Zabibu inaumuka, ulanzi unaumuka. Tofauti ninayoiona ni chupa na kizibo. Kama ndiyo hiyo, tutafute kizibo, ingawa naonya kwamba ulanzi uliozibwa asubuhi hukufumua usoni kabla ya adhuhuri. Vilevile nikumbushe kwamba viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku Machi 2017, mbeta haikuguswa. Ni kifungashio kinachoota shambani mwangu, na kikichakaa kinapikia ugali.

Jambo moja tu halijapata kuleta utata: ushuru. Dumu langu likifika gulioni, mkusanyaji haulizi kama ni msitu, nyasi au kiwanda. Huyo anautambua ulanzi kwa mbali, kwa jicho moja, mvua ikinyesha. Ningependekeza apewe kazi ya kuchora ramani.

Maombi yangu ni madogo. Mpango ukija kupitiwa upya, andika kwamba ulanzi ni kilimo, na kwamba kugema na kuumua palepale shambani ni sehemu ya kilimo hicho. Kilabu kibaki na leseni na saa zake, hilo ni haki. Walevi wa kwetu wanahitaji saa. Mwanzi tu ndio usipangiwe saa. Na ukaguzi wa usafi uje wakati wowote, mbeta zioshwe, chandarua cha kuzuia nyuki kifungwe, nitakuwa wa kwanza kutii.

Rangi yoyote itatufaa. Mzee mmoja amependekeza nyeupe ya maziwa, kama ulanzi wenyewe, lakini nimemwambia hiyo ndiyo rangi tuliyonayo sasa: karatasi tupu.

Wako mtiifu,
Mgemi, mmiliki wa kiwanda kisicho na paa.

Nakala:
Misitu, kwa kuwa ni mti.
Malisho, kwa kuwa ni nyasi.
Mazingira, kwa kuwa ni mita 43.
Mtendaji wa kijiji, ambaye ameshaisoma. Kalamu ni yake, aliniazima jana kilabuni.