Watu Watatu, Mashabiki Laki Moja, Wimbo Hakuna

Wanangu, nimesikia mmeanzisha kundi la hip hop. Hongereni. Mko watatu, mmezaliwa London, wazazi wametoka Lagos, Ibadan na Enugu. Lebo hamna, hela hamna, na kila mmoja wenu anaamini kimoyomoyo kwamba yeye ndiye mkali na hao wawili anawabeba tu. Imani hiyo ndiyo mtaji wenu. Itunzeni.

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini nimekaa Peckham mpaka bei ya ndizi za Rye Lane naijua kuliko ya Ngamiani. Humo humo Peckham niliwahi kuwa meneja wa vijana wa jirani, watatu kama nyinyi, damu ya Naija kama nyinyi. Tulifeli vizuri mno. Karibu miaka miwili hakuna aliyegundua, hata sisi wenyewe. Njia tuliyopita nawapa bure, mradi msiseme mmeipata wapi.

1. Jina

Jina kwanza, wimbo baadaye, na ikiwezekana wimbo usiwepo kabisa. Hilo nitalieleza mbele. Liandikeni vibaya kwa makusudi. Kaka zenu wa Lagos walilijua hili zamani: kulikuwa na Trybesmen, kulikuwa na Plantashun Boiz, majina ambayo mwalimu wa imla angeyapigia mstari mwekundu mpaka wino uishe. Kosa lao ni kwamba walipomaliza kuandika jina waliingia studio. Sisi tulikaa wiki sita tukibishana kama mwisho iwe z moja au mbili. Wiki ya saba tukalipia nembo. Wiki ya nane tukatangaza: "Kitu kikubwa kinakuja."

Tangazo hilo litoeni kila Ijumaa. Kitu kisije. Kazi yake ni kuwa njiani.

2. Asili

Siku hizi Naija inauza, na nyinyi mnayo nyumbani bure. Mtasema Kiyoruba chenu, au Kiigbo, ni kile tu mama anachotumia akigomba. Kinatosha. Dagrin, Mungu amrehemu, alitoa albamu ya C.E.O mwaka 2009 kwa Kiyoruba cha mtaani na pijini, na Phyno naye anafoka Kiigbo mwanzo mwisho. Hao walijitesa. Ukifoka kwa lugha nzima unalazimika kusema kitu, na watu wanaoijua lugha wanakusikia. Nyinyi chukueni maneno manne: oga, abeg, wahala, Lasgidi. Yagawaneni. Atakayebaki na mawili awe ndiye msemaji wa kundi.

(Kwa faida ya msomaji wa Kiswahili: oga ni bosi, abeg ni tafadhali, Lasgidi ni Lagos, na wahala ni balaa, neno lililopita kwa Wahausa, na Wahausa ni watu wetu kuliko tunavyodhani: wao labari, sisi habari, wao duniya, sisi dunia. Mimi nilikuwa nayatumia hayo kuwadanganya akina mama wa Kiyoruba kwamba nakielewa Kihausa. Na wao hawakielewi, kwa hiyo hatukugombana.)

Halafu agbada. Azimeni za baba zenu, mzivae juu ya raba nyeupe, mpige picha ukutani. Agbada ni nguo pana. Watu watatu wembamba ndani ya agbada wanaonekana ni kundi la watu sita, na wapenzi wa hip hop wanaheshimu wingi.

3. Video

Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotoshwa na mifano mibaya.

Mtaambiwa habari za Skepta na mdogo wake JME, watoto wa Wanaijeria waliokulia Tottenham. Mwaka 2005 walianzisha Boy Better Know, lebo yao wenyewe, wakawa wanauza fulana zao. Mwaka 2014 Skepta akatoa video ya That's Not Me. Iligharimu pauni 80. Themanini! Sisi hiyo tuliimaliza kwenye moshi peke yake, ule wa mashine, na mashine yenyewe ilikuwa ya kukodi. Sawa, ile video ya pauni 80 ikachukua tuzo ya MOBO, na mwaka 2016 albamu ya Konnichiwa ikachukua Mercury Prize, mshindani mmojawapo akiwa David Bowie. Lakini jiulizeni kwa utulivu: mngependa watu wajue video yenu ni ya pauni 80?

Basi. Kodini gari la kifahari kwa saa moja. Saa moja inatosha kama hamtashuka. Yule asiye na leseni akae kwenye usukani, maana ndiye mwenye sura. Sisi gari letu lilikuja na dereva wake, mzee mmoja mpole ambaye masharti ya kampuni hayakumruhusu kutoka ndani. Ukiitazama video kwa makini, kwenye kiti cha nyuma kuna mtu wa makamo anakula sandwichi. Mashabiki waliuliza ni nani. Tulijibu: mwekezaji.

Na wimbo wa hiyo video? Tuliweka biti, sekunde arobaini, na maandishi: "Kinakuja."

4. Mashabiki

Nunueni. Msione haya, mbona mchele mnanunua? Sisi tuliamka Jumatatu tuna wafuasi 312, tukalala tuna laki moja. Wengi walikuwa na majina kama namba za simu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyesema neno isipokuwa mmoja, aliyetaka kutuuzia miwani. Lakini ukipita Rye Lane ukijua una watu laki moja nyuma yako, hata mabega yanakaa vingine.

Ila ishieni hapo. Msije mkahama kutoka kununua wafuasi mkaenda kununua wasikilizaji, maana huko kunahitaji wimbo, na wimbo ndio unaowaponza watu. Spotify, tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti, na akaunti za roboti zinasakwa. Septemba mwaka huo huo waendesha mashtaka wa New York walimfungulia kesi mwanamume mmoja wa North Carolina, wakidai aliachia mamia ya maelfu ya nyimbo zilizotungwa na akili mnemba, akaweka roboti za kuzisikiliza, akavuna zaidi ya dola milioni 10. Mnaona? Asingekuwa na nyimbo, wangemshtaki kwa lipi?

5. Ratiba

Msiwe nayo.

Kuna familia moja Houston, mtaa wa Alief, inaharibu soko. Tobe Nwigwe, mtoto wa Kiigbo, hana lebo. Mwanzoni kabisa amekaa chini nyumbani kwake, mkewe, wanayemwita Fat, yuko nyuma anamsokota dredi, yeye anafoka. Biti za prodyuza wao, Nell. Ndiyo video hiyo, hakuna gari, hakuna moshi. Wiki inayofuata, nyingine. Jumapili baada ya Jumapili! Siku ambayo binadamu amepewa alale mpaka saa nne, mtu anaachia wimbo. Matokeo yake watu wakazoea kumsubiri kama wanavyosubiri ibada, na kwa tuzo za Grammy za 2023 akatajwa kuwania msanii mpya bora.

Na hakuipata. Jumapili zote zile.

6. Shoo

Chagueni chumba kidogo, kisha mchague kidogo zaidi ya hicho. Sisi tulipata cha juu ya baa, kinaingiza watu 40 wakivuta pumzi kwa zamu. Walikuja 23. Mpiga picha alilala chini mlangoni akawapiga miguu, na miguu, wanangu, haina idadi. Kesho yake tukaandika: nyomi.

Anzeni saa tatu baada ya muda uliotangazwa. Hapo mtasema ni utamaduni wa Lagos, ingawa sisi sababu ilikuwa chaja.

Na kaeni mbali kabisa na shughuli za kwenu. Hili nasema kwa uchungu. Mama wa kijana wetu mdogo alitimiza miaka 60, sherehe ikafanyika ukumbi wa kanisa pembezoni mwa Old Kent Road: owambe kamili, wali wa jollof kwenye masufuria ya kuogea mtoto, akina anti wamefunga vilemba vya gele vinavyozuia watu wa nyuma wasione kitu. Tulialikwa kama wageni. Saa nne usiku kompyuta ya DJ ikazima. Kimya. Mtu akasema, si kuna vijana hapa wanaimba?

Wawili wakubwa wakaangalia viatu. Mdogo, ambaye kwenye kundi kazi yake ilikuwa kushika simu, akachukua kipaza sauti. Hakuna biti. Akaanza kufoka polepole kwa kile kile Kiyoruba cha kugombezwa, habari za mama yake kushika basi la saa kumi alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu, na funguo alizokuwa anawaachia chini ya ndoo. Mpiga ngoma ya kanisa akaingia taratibu. Anti mmoja akanyanyuka. Nikajua tumekwisha.

Mnajua taarabu, mtu akiguswa anavyokwenda kutunza? Wale wanatunza hivyo hivyo, ila noti wanakubandika kwenye paji la uso. Na kwa kuwa Uingereza noti ndogo kabisa ni ya pauni 5, wenye akili huwa wamebadilisha pesa mapema, wanakuja na mabunda ya dola moja moja. (Nigeria kwenyewe jihadharini: sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007 inasema anayerusha au kukanyaga naira ni faini isiyopungua naira 50,000 au jela isiyopungua miezi 6, na mwaka 2024 mtu mmoja maarufu alifungwa kweli huko Lagos.) Kijana amesimama, dola zinamtiririka usoni, na bado anafoka. Mama yake amekaa na mikono yote miwili kichwani. Wale wakubwa wawili, bila kutumwa, wameshaingia kuitikia.

Ilipokwisha, anti wa gele la kijani akanishika mkono. "Meneja, wimbo huu unapatikana wapi?"

Nikamjibu kwa weledi wangu wote: "Unakuja, mama."

Akasema anayo makanisa matatu na kikundi cha upatu cha wanawake 80, na kila mmoja atanunua. Nikamwambia hatujafikia hatua hiyo bado, kwa sasa tunajenga mashabiki.

7. Msingoje

Kuna wazee wa shule nyingine, Show Dem Camp wa Lagos, Tec na Ghost. Wanajitegemea. Walianza mfululizo wao wa Clone Wars mwaka 2010, wakaja na Palmwine Music mwaka 2017, muziki laini unaoshuka na tembo, halafu wakaanzisha tamasha lao wenyewe la jina hilo. Miaka saba, jamani. Ndani ya miaka saba mtu anaoa, anaota kitambi, anajua kusoma mkataba. Nyinyi mnataka tamasha mwezi wa kumi na mbili huu. Fanyeni bango. Wekeni majina makubwa manne, na chini kwa maandishi madogo: "wamealikwa". Kualika si dhambi.

8. Kiki

Mkikwama, anzisheni bifu. Mchagueni mtu mkubwa asiyewajua. Asipojibu, ameogopa.

9. Kuvunjika

Kutakuja siku mdogo atawaambia anataka kurekodi ule wimbo wa mama yake. Msimzuie kwa nguvu, mtaonekana wabaya. Mwambieni kwanza tukae tujadili jalada. Jalada letu tulilijadili miezi minne, akaondoka mwenyewe. Siku hizi anti wa gele la kijani ndiye anayemshughulikia. Kuachana kwetu hakukuwa na kesi wala mawakili wa hakimiliki, kwa kuwa hapakuwa na haki ya kugawana. Makundi mangapi yanaweza kusema hivyo?

Kilichobaki ni fulana. Katika kundi zima, jambo nililoiga kwa wale wa Tottenham ni hilo tu, na nililiiga vibaya: niliagiza 200 kabla hatujakubaliana kuhusu z. Ninazo 187 chini ya kitanda, zote saizi kubwa, jina lina z mbili. Nyinyi la kwenu lina ngapi? Kama ni moja, ya pili inatoka kwa pasi ya moto. Njooni jioni, bei tutaelewana.