Utajiri wa Mabati

Hongera, mama wa Matiliku: umetajirika, na aliyekupa habari ni simu. Ulibonyeza *147#, ukajibu maswali ya SHA, ile bima ya afya iliyorithi kiti cha NHIF Oktoba 2024. Ukuta wa nini? Choo cha aina gani? Unapikia nini? Mifugo je? Paa je? Ukasema kweli, mabati, na hapo ndipo ulipojichongea. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara unaoonekana. Wewe usiye na mshahara, mapato yako yanakadiriwa kwa kutazama kilicho juu ya kichwa chako.

Laiti mashine ingejua kwamba Ukambani mabati ni ya kutegea mvua, mpaka tone la mwisho liingie tangini! Na mbuzi naye ni karo ya shule inayotembea, wala hajawahi kuwa mshahara wa mtu.

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Si nyingi, ila mkulima hutakiwa za mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600, kabla hajakohoa. Huna? Kuna mkopo, Lipa SHA Pole Pole: maskini anakopa ndipo asaidiwe.

Nasi wa Makueni tulidekezwa na MakueniCare, bima ya afya ya kaunti, enzi za Gavana Kibwana: shilingi 500 kwa mwaka, nyumba nzima, mwenye vigae na mwenye nyasi bei moja.

Jirani ameniuliza kama akiezua mabati na kurudisha nyasi atapunguziwa. Nimemshauri asubiri, kwa ukame huu, nyasi nazo zimepanda bei.