Bahari ya Dirishani: Waraka kwa Watu wa Mvumi

Wazee na ndugu wa Mvumi wanaarifiwa, kwanza, kwamba kijana wao aliyeko Minnesota, Marekani, ni mzima wa afya, na pili, kwamba amekabidhiwa bahari, yenye upana wa dirisha moja la maktaba ya umma, ambayo sharti ikamilike kabla shule hazijafungwa mwezi Juni.

Huko likizo ndefu huangukia majira ya joto, hadi mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na kwa kuwa walimu wanaamini kwamba mtoto asiyeshika kitabu muda wote huo husahau aliyofundishwa, maktaba huendesha mpango wa usomaji, ambamo watoto hujiandikisha, hujaza kadi ya vitabu walivyosoma, kisha hupewa zawadi. Mvumi, ambako likizo ya Desemba huja pamoja na mvua, hofu ya mtoto kukaa bure haijamsumbua mzazi yeyote mwenye jembe la ziada. Kaulimbiu ya mpango huo huchaguliwa na umoja wa maktaba uitwao Collaborative Summer Library Program, ulioanzia Minnesota kwenyewe mwaka 1987, na ya mwaka 2022, waraka huu ulipoandikwa, ilikuwa "Oceans of Possibilities", yaani bahari za mambo yawezekanayo. Minnesota haina pwani, na Ugogo, nchi ya Wagogo huko Tanzania iliko Mvumi, pia haina. Lakini msimamizi wa maktaba, aliposikia kwamba Zanzibar iko Tanzania, aliona mtaalamu amepatikana, naye mtaalamu huyo, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza alipokwenda Dar es Salaam kupanda ndege, alinyamaza kwa heshima. Tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ina vitundu tu vya kupitishia mwanga, hivyo hata elimu ya madirisha hakutoka nayo nyumbani.

Herufi za kaulimbiu, zitakazobandikwa dirishani, hazikatwi kwa mkasi. Ipo mashine ya chuma yenye mkono mrefu, na kila herufi ina kibao chake, ambacho ndani yake umefichwa wembe uliopindwa kufuata umbo la herufi na kuzungukwa na sponji. Karatasi huwekwa juu ya kibao, kibao husukumwa chini ya mashine, mkono huvutwa, na herufi hudondoka ikiwa kamili. Kabla ya kuugusa mkono huo, mtu hufundishwa, hutia saini kwamba amefundishwa, kisha husimama peke yake, kwani wawili hawaruhusiwi kuikaribia. Mwandishi, aliyekabidhiwa panga kabla ya kujua kusoma, alitia saini kwa mwandiko mzuri sana, akakata I nne na S nne, halafu, bila kuagizwa na mtu, pweza kumi na wawili.

Mchanga wa baharini ulipaswa kuwa mweupe. Hata hivyo, katika kasha la karatasi palikuwa na moja yenye rangi ileile ya vumbi la njia ya kisimani, baada ya mavuno, upepo unapoanza, na kazi ikasimama kwa muda usioelezeka kitaalamu. Sakafu ya bahari ya Minnesota sasa ni nyekundu. Ufukweni umesimama mbuyu, jambo linalotetewa kijiografia, maana mibuyu imejaa pwani, ila ni mbuyu wa kiangazi, usio na jani, na watoto wameshtaki kwamba mti umebandikwa miguu juu. Msimamizi ameagiza ugeuzwe. Kwa hiyo inaombwa picha ya mbuyu wowote wa Mvumi, itumwe kwa simu kabla ya Ijumaa, mtu mzima akiwa kando yake ili unene uaminike, na mbuzi waondolewe kwanza.