Baada ya Misa

Sheria ya talaka ya Uganda ni ya mwaka 1904, na haina haraka. Jaji akishatoa amri ya kwanza, ndoa haifi siku hiyo. Huachwa miezi 6 ikikata roho, pengine wenyewe watajirudi. Mimi na Ssalongo tuliimaliza miezi hiyo bila hata mmoja kujirudi. Mama mkwe ndiye ambaye miezi yake haijaisha hadi leo. Bado ananiita Nalongo, cheo ambacho Waganda humpa mama wa mapacha, na cheo hicho hakuna mahakama inayoweza kukifuta. Mwanawe naye, kwa kuwa ndiye baba wa mapacha hao, ni Ssalongo mpaka kaburini. Mtu akiita "Ssalongo na Nalongo!" pale sokoni Kinawataka, tunageuka wote wawili, kisha kila mmoja anajifanya alikuwa anatazama nyanya.

Sasa Krismasi. Tuliandikishana mbele ya wakili: usiku wa mkesha mapacha walale kwangu Mbuya, na tarehe 25 Desemba, baada ya misa, baba yao awachukue awapeleke Masaka kwa bibi yao. Baada ya misa. Tulilipa pesa nyingi kwa maneno hayo matatu na hakuna aliyeuliza misa ipi. Siku hiyo kanisa la Mama Yetu wa Afrika, kule juu kilimani, halina misa moja tu. Mimi ni mtu wa misa ya kwanza, kwa kuwa matoke hayajimenyi. Mwenzangu tangu uchumba ni mtu wa misa ya mwisho, na hata hiyo huikuta kwenye komunyo. (Padri aliyetufundisha ndoa angetuuliza hilo kwanza, wakili asingepata kitu.)

Basi tukatoka kanisani mapema, Wasswa na Kato wamevaa suti alizonunua baba yao. Mikono ya makoti iliishia karibu na viwiko, maana baba wa wikendi hununua nguo za watoto anaowakumbuka. Tukangoja uani na mabegi yetu huku waumini wenye huruma wakituuliza kama tunahama. Nikapiga simu: imezimwa. Jua lilipoanza kututafuta kichwani, nikashuka nao nyumbani.

Ssalongo naye akapanda. Alipokuta uwanja hauna watoto wake alimpigia mama yake badala ya kunipigia mimi, na kabla sijafunua sufuria, Masaka nzima ilikuwa na habari kwamba Nalongo ametoroka na mapacha.

Nyumbani nilikuwa nimepika luwombo wa kuku, naye kuku, kama mjuavyo, ana firigisi moja. Kwa desturi ya Buganda firigisi ni ya mwenye nyumba mwanamume. Wasswa akasema yake, kwa kuwa yeye alitangulia kuzaliwa. Kato akakataa: ukubwa wa Wasswa unatumika kwa baba, huku kwa mama ni zamu yake, na mwaka ujao watabadilishana. Nikaitambua lugha ya wakili wetu. Wasswa akadai Pasaka ihesabiwe pia. Kato akataka shahidi.

Hapo ndipo Ssalongo alipoingia, jasho linamtiririka, akiwa na hotuba aliyoitunga njia nzima. Harufu ya jani la mgomba ikaifuta. Akavuta kiti chake cha zamani, akanawa, akanyoosha mkono pale mkono ulipozoea, akaitafuna firigisi huku akiuliza mbona watoto hawajawa tayari. Mapacha wakamkodolea macho. Nami nikajikuta namwongezea mchuzi.

Usiku, mapacha wakiwa wameshafika Masaka, mama mkwe akapiga simu. Nilijiandaa kujieleza kuhusu misa, uwanja na simu iliyozimwa. Hakuuliza lolote kati ya hayo.

"Nalongo," akasema kwa sauti ya chini, "Kato ananiambia leo Ssalongo amekula firigisi mezani kwako?"

"Ameichukua mwenyewe, Mama."

Vigelegele vilivyofuata kutoka Masaka vilinilazimisha kuisogeza simu mbali na sikio.