Tajiri Adaiwa Nauli

Zipo fedheha nyingi zinazomngoja mwenye biashara ndogo, lakini sijui inayochoma kama ya tajiri wa daladala anayepanda gari lake mwenyewe pale Buguruni na kudaiwa nauli na konda asiyemjua. Akisema yeye ndiye mwenye gari, abiria wanacheka, maana kila aliyeishiwa ana gari lake mahali fulani. Aliyeshika usukani naye hamjui: ni deiwaka, aliyeachiwa gari tangu asubuhi na dereva halali ambaye kwa sasa yuko kwake amelala fofofo. Tajiri atalipa nauli, atabanwa mlangoni, na jioni atawalalamikia wenzake kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Hapo ndipo sikubaliani naye. Moyo wanao, tena wa kutisha. Unakwenda tu kule ambako makubaliano ya tajiri mwenyewe yameuelekeza.

Makubaliano hayo, ukiyatazama kwa utulivu, ni ufundi wa aina yake. Tajiri anamkabidhi dereva gari na kumpangia hesabu, kiasi maalumu cha kuletwa kila jioni, mvua inyeshe au foleni ya Ubungo igande. Dereva ndiye anayejitafutia konda, kwa hiyo tajiri anapata wafanyakazi wawili kwa kuzungumza na mmoja. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo, pancha pia, mpiga debe naye ana chake, na mazungumzo ya pembeni mwa barabara yanayopaswa kuisha haraka yanaishia kwenye makusanyo hayo hayo. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho ujira wa wawili. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya siku inapita wakimfanyia kazi tajiri, na abiria wao wa kwanza hasa ni yule anayepanda hesabu ikishatimia. Ndiyo maana gari linakimbia. Ndiyo maana konda anamwona mwanafunzi kama hasara iliyovaa sare, na gari lililoandikwa Mbagala linageuza kabla ya Mbagala likinusa kwamba abiria wengi wako upande wa pili. Tumezoea kuuita huo utovu wa adabu, kumbe ni bidii, tena ya kiwango ambacho washauri wa biashara wangelipwa mamilioni kuizalisha kwenye semina. Kasoro yake ni moja: hakuna hata chembe inayolifikia gari lenyewe. Injini ikigonga, ni ya tajiri. Breki zikilia, redio inaongezwa sauti. Matteo Rizzo, mtafiti aliyefuatilia kwa miaka mingi maisha ya wafanyakazi wa daladala za Dar es Salaam na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2017, alikuta siku ya kazi ya takriban saa 15 na wafanyakazi ambao wengi wao hawana mkataba wa maandishi. Mtu wa saa 15 lazima alale wakati fulani, na nafasi hiyo ndiyo inayomlisha deiwaka.

Atakayesema kwamba tatizo ni malezi ya vijana na si makubaliano, na aende kijiwe cha bodaboda. Pale wapo vijana wa mtaa ule ule, wa rika lile lile, nao pia wanapeleka fedha kwa mwenye chombo kila siku. Wengine wanaendesha kwa hesabu, wengine kwa mkataba, ambapo kiasi kinapelekwa kwa muda uliokubaliwa, mara nyingi mwaka na zaidi, kisha pikipiki inakuwa ya mwendeshaji. Huna haja ya kuuliza nani yuko upande gani. Wa mkataba anaosha pikipiki kila jioni, anamwaga oili kwa wakati, na anamfokea abiria anayepanda na gunia la mkaa. Wa hesabu atakuuliza tu kama una gunia la pili. Malezi hayakubadilika kati ya kijana huyu na yule, kilichobadilika ni nani atakayebaki na chombo mwishoni. Na kwa kuwa tunasema ukweli, wapo pia wenye pikipiki ambao malipo yakikaribia kumalizika hugundua ghafla kwamba kijana amekuwa mkorofi, wakamnyang'anya chombo na kumpa mwingine aanze upya kulipia kile kile. Hili halichekeshi. Ni wizi wa kazi ya mwaka mzima, na kwa sababu makubaliano yalifanyika kwa mdomo chini ya mwembe, aliyeibiwa hana karatasi ya kuonyesha popote.

Ukimwambia tajiri abadilishe makubaliano ili dereva naye apate faida gari likidumu, pingamizi lake la kwanza ni uwezo: yeye si benki, ana gari moja na deni. Nakubali. Ila Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani aliyekuwa na uwezo, naye alifikishwa pabaya na wafanyakazi wasio na sababu ya kubaki. Mwaka 1913 alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili abaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kwa jinsi walivyokuwa wakiingia na kutoka. Januari 1914 akatangaza dola tano kwa siku ya saa nane, wakatulia. (Akaongeza na wakaguzi wa kwenda majumbani kutazama nani mlevi. Matajiri wetu wasiige sehemu hiyo.) Alichokitambua ni kwamba kila anayeondoka anaondoka na gharama, na mwenye gari moja anaihisi gharama hiyo mapema kuliko mwenye kiwanda. Anayebadilisha dereva kila mwezi analipa mshahara mzuri tayari, isipokuwa anamlipa fundi wa gereji.

Pingamizi la pili ni la wasomi. Watataja jaribio la mwanasaikolojia Edward Deci la mwaka 1971, ambapo wanafunzi waliolipwa dola kwa kila fumbo walipungukiwa hamu ya kulicheza malipo yalipokoma, na watasema fedha inaua mapenzi ya kazi. Huenda, kwa fumbo. Lakini hakuna aliyewahi kukanyaga klachi kwenye foleni ya Tabata kwa ajili ya burudani. Na yule anayesema "hapa sisi ni familia" akumbuke kwamba familia haidai hesabu siku mama mzazi anapozikwa. Ni hivyo hivyo nje ya barabara: saluni isiyoandika popote asilimia ya msusi itampoteza pamoja na wateja wake, na mgahawa unaokata sahani iliyovunjika kwenye mshahara utabaki na sahani.

Yanayohitajika, mengi tayari ni sheria. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yawe kwenye maandishi, siku isizidi saa 9 bila malipo ya ziada, wiki isizidi saa 45, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwaka 2015 madereva wa mabasi waligoma, na mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Kwa tajiri wa gari moja, karatasi yenyewe haizidi ukurasa: hesabu ya siku ya kawaida, hesabu ya siku ya mvua, nani analipa pancha na nani analipa injini, sehemu ya akiba inayobaki kwa dereva gari likimaliza mwaka bila matengenezo makubwa, na kwamba siku gari linapolala gereji, hesabu nayo inalala.