Stiki ya Mama Mdogo

Stiki ya kuzuia jasho ilibuniwa na watu wanaolala na blanketi. Sisemi kwa kijicho, nasema kwa hesabu. Chumbani kwa mtu wa London kuna nyuzijoto 20 hivi. Kwapani kwake kuna 35 na kitu. Fundi wa huko amepewa nyuzi 15 nzima za kuchezea: stiki iwe ngumu kabatini, ilegee kwapani, kazi imekwisha. Sasa ichukue stiki hiyo uilete Chamazi mwezi wa pili, upepo umegoma, umeme umekatika, uiweke kwenye rafu ya kibanda cha bati saa nane mchana. Kibanda kina joto kuliko kwapa. Stiki inayeyukia dukani, na mteja akiipaka ndiyo inapata nafuu ya kuganda.

Hesabu hiyo nilifundishwa na Mama Mdogo, ambaye hakusoma kemia lakini alihudhuria mafunzo ya wajasiriamali: sabuni ya maji, mishumaa, mafuta ya mgando. Alirudi na cheti, akakipiga laminesheni, akakitundika juu ya friji. Tatizo ni kwamba mtaa mzima ulikuwa umehudhuria mafunzo hayohayo. Kila nyumba ilikuwa na ndoo ya sabuni ya maji, kila mama akimuuzia mwenzake, na pesa ileile ikizunguka ua hadi ua bila kuongezeka. Mama Mdogo akaona atafute kitu ambacho jirani hana. Akaangaza macho uani, yakatua kwenye shati langu la kazini lililoanikwa kambani.

"Mwanangu," akasema, "haya makwapa yako ni mtaji."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, bila mkataba. Asubuhi anakupaka, unapanda daladala hadi Posta, jioni anakukagua. Ukaguzi wenyewe sitaueleza. Kuna mambo mtu mzima hafanyiwi na shangazi wala mama mdogo mbele ya wapangaji, na yote nilifanyiwa.

Dawa yenyewe ilikuwa shabu. Watu wa pwani wanaijua: lile jiwe jeupe, kama la kioo, ambalo vinyozi walipitisha kidevuni baada ya wembe, na bibi zetu walikorogea maji ya kisima ili tope lituame. Shabu ni chumvi ya alumini, na viwanda vikubwa navyo vinatumia chumvi za alumini, ila za aina nyingine zilizopikwa kwa uangalifu zaidi. Chumvi hiyo ikikutana na jasho inageuka utelezi mzito unaoziba vitundu vinavyotoa jasho. Kwa hiyo mawazo ya Mama Mdogo yalikuwa sahihi kabisa. Akasaga shabu, akayeyusha nta ya nyuki kutoka Tabora katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, akamimina mafuta ya nazi kwa mkono wa ukarimu, akakoroga, akamwaga kwenye vipande vya bomba la plastiki alivyokatiwa na fundi bomba. Ikaganda. Ikanukia. Tukapeana mikono.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24. Dar es Salaam, ukitoa alfajiri za kipupwe, hali ya hewa haijapata kuyaheshimu. Nta ya nyuki inashikilia hadi nyuzi 62 na zaidi, lakini nta ilikuwa chache na mafuta yalikuwa mengi, na wengi wakilegea wachache hawawezi kuwazuia. Nilipofika Rangi Tatu, ubavu mzima ulikuwa unateleza. Nilipopanda gari la Kariakoo na kuinua mkono kushika bomba, joto la watu likaanza kufanya kazi yake. Tulipofika Kizuiani, dada mmoja mwenye mtandio, aliyekuwa amesimama chini ya kwapa langu kwa sababu konda alimhakikishia kuwa kuna nafasi, akanitazama kwa huruma.

"Kaka, samahani. Umebeba vitumbua?"

Nikamwambia vimekwisha.

Watu wanadhani mafuta ya kwapani ni kero ya shati tu. Ubaya wake mkubwa uko kwingine. Shabu haiyeyuki kwenye mafuta, inataka maji. Ukiizungushia nta na mafuta mengi, umeifungia chumbani na ufunguo umekaa nao wewe. Jasho linatoka, linakuta ukuta wa mafuta, linateremka zake hadi kiunoni, na shabu inachungulia tu. Kwa hiyo stiki inayonata inakuadhibu kwa kukuchafua, kisha haifanyi hata kazi uliyoinunulia. Wenye viwanda walilijua hili zamani. Ndani ya stiki zao wanatia silikoni nyepesi, saiklopentasiloksani, ambayo ukipaka unahisi hariri, halafu inaruka hewani yenyewe na kuiacha chumvi pale ngozini, pakavu. Kimiminika kinachosindikiza mzigo kisha kinaondoka bila kudai chai! Mama Mdogo aliitafuta Kariakoo kwa moyo wote. Waliomwelewa walimwambia inakuja kwa pipa. Na Umoja wa Ulaya umeshaanza kuiwekea mipaka kwa sababu haiozi upesi ikifika kwenye mazingira, jambo lililompa Mama Mdogo faraja ya mtu aliyekosa ndizi akasikia zilikuwa na buu.

Akageukia unga. Wazo ni jema: unga unakunywa mafuta, ngozi inabaki kavu. Ila kila unga una tabia yake. Konfloa inakunywa mafuta vizuri, lakini ikikutana na jasho inakumbuka kwamba ilizaliwa kuwa uji. Kuhusu soda ya kuokea keki, niruhusiwe kukaa kidogo.

Mtu alimwambia soda inaua harufu. Ni kweli kwa kiasi fulani: jasho lenyewe halinuki, wanaolinukisha ni bakteria wa kwapani wanaolila, na bakteria hao hawafurahii soda. Mama Mdogo akaona, kama shabu inazuia jasho na soda inazuia kikwapa, basi vyote viwili vitie humo. Zikiwa kavu ndani ya nta, shabu na soda zinaheshimiana. Lakini shabu ina uchachu na soda ni adui wa uchachu, na jasho likiwakutanisha wanapigana hadharani na kutoa mapovu ya hewa ya ukaa. Ndiyo hasa inayofanya keki iumuke. Ziko bekingi pauda ambazo nusu ya kazi yake inafanywa na ndugu wa karibu wa shabu. Haya yote niliyasoma jioni. Asubuhi, garini, kwenye kituo cha Kwa Azizi Ali, nilichojua ni kwamba kwapa langu la kulia lilikuwa linaumuka.

Halikuwa linauma mwanzoni. Lilikuwa linanong'ona. Nikajaribu kushusha mkono, lakini gari lilijaa na mkono ulikuwa umeshafungiwa juu na mabega ya watu, hivyo nikabaki nimeunyoosha kama mwanafunzi anayejua jibu. Baadaye likaanza kuwasha, kwa sababu soda ni kali kwa ngozi ya pale, hasa iliyonyolewa usiku uliopita kwa heshima ya utafiti. Na baada ya ugomvi ule wote, shabu iliyokwishapigana na soda haina nguvu ya kuzuia jasho la mtu yeyote. Nilifika Posta nimelowa na nimeumuka.

Mama Mdogo aliposikia hakuniuliza ninaendeleaje. Aliuliza: "Yalitoka mapovu makubwa au madogo?"

Akaachana na jikoni, akageukia ardhi. Ukitoka Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe unaingia vilima vya Pugu, na vilima hivyo vina kaolini, udongo mweupe laini ambao dunia nzima inautia kwenye karatasi, kwenye vyungu vya kaure na kwenye poda za uso. Unakunywa mafuta, na ukilowa haugeuki uji. Alipata kidogo kwa mtu wa kazi za vyungu, akauchekecha kwa kitambaa, akauweka kwenye bakuli barazani. Mpangaji wa chumba cha mbele, mjamzito wa miezi mingi, alipita akauona. Wanawake wengi wajawazito hapa mjini hutafuna udongo, na huu ulikuwa mweupe, umechekechwa, hauna mchanga. Jioni bakuli lilikuwa limekwisha na mpangaji alikuja kuuliza kama upo mwingine, na kama unaweza kutiwa iliki. Mama Mdogo alimwangalia muda mrefu. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya biashara ya pili.

Udongo ulipopatikana tena, likaja la kutuama. Unga ni mzito kuliko nta iliyoyeyuka. Ukimwaga mchanganyiko ukiwa moto sana, unga wote unazama kabla haujaganda. Unapata stiki yenye tabia mbili: wiki ya kwanza unapaka mafuta matupu, wiki ya mwisho unapaka msasa. Wenye viwanda wanasubiri mchanganyiko upoe na uanze kuwa mzito ndipo wanamwaga. Mama Mdogo aligundua hilo kwa njia ya simu: aliitwa na mtu wa upatu, akaongea, akaongea, na aliporudi sufuria ilikuwa imeanza kuganda pembeni. Akamwaga kwa hasira. Ile ndiyo ikawa stiki ya kwanza iliyokuwa sawa juu na chini. Tangu siku hiyo kipimo chake cha kupoza ni simu moja ya upatu.

Katikati ya haya yakaingia maonyesho ya biashara ya Sabasaba.

Hapa lazima nimtaje Edna Murphey wa Cincinnati. Mwaka 1912 binti huyu alipeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City, Marekani, dawa ya jasho aliyoitengeneza baba yake, daktari wa upasuaji aliyekuwa akitoka jasho mikononi. Aliiita Odorono. Ilikuwa nyekundu, ikitia madoa, na uchachu wake uliweza kula kitambaa. Mwanzoni watu hawakuitaka. Lakini maonyesho yaliendelea majira yote ya joto, watu wakatota, wakabadili mawazo. Biashara ikaruka. Mwanamke huyo, pamoja na kipaji chote, alibebwa na kalenda.

Kalenda yetu haibebi mtu. Maonyesho yetu makubwa yako Barabara ya Kilwa, wilaya hiihii ya Temeke, na kilele chake ni Julai 7, yaani katikati ya kipupwe, wakati mtu wa Dar es Salaam anavaa sweta na kulalamika. Mama Mdogo alipata kona kwenye meza ya kikundi cha akina mama. Stiki zilikaa wima, ngumu, nzuri ajabu. Hata za mafuta ya nazi, alizoleta kujazia meza, ziliganda kwa adabu. Ila hakukuwa na jasho la kuzijaribia. Watu walipita wakitafuta blenda.

Mpaka mama mmoja alipoketi kupumzisha miguu. Akachukua stiki moja ya zamani, ile ya vitumbua, akauliza hii ni ya nini, na kabla hajajibiwa akawa ameshaipitisha kwenye magaga. Nta, mafuta ya nazi, punje za shabu za kusugua: kisigino kikalainika papo hapo. Akamwita dada yake. Dada akamwita mwenzake. Kila sifa iliyoifukuza stiki ile kwapani, kunata, kuteleza, kukwaruza, ikawa ndiyo inayosifiwa mguuni. Jioni Mama Mdogo alirudi na daftari la oda, zote za visigino, na uso wa mtu ambaye mwanawe amefaulu somo asilolisomea.

Usajili ulitaka kumvunja moyo kidogo. Kwenye lebo alikuwa ameandika "dawa ya jasho". Mtu anayejua mambo akamwambia afute neno dawa mara moja: tangu 2019 vipodozi viko TBS, kwa watu wa viwango, na dawa ziko TMDA, kwa watu wa dawa, na neno moja la mapambo linaweza kukuhamisha ofisi. Akafuta. Kwenye ya kisigino alikuwa ameandika "tiba". Akafuta na hiyo. Zikabaki zimeandikwa "stiki", basi, ya juu na ya chini.

Ya juu, nakiri kwa upendeleo wa kifamilia, sasa ni nzuri. Mafuta ni machache. Ugumu anaupata kwenye asidi ya steariki, ile ya watengeneza mishumaa, isiyotishwa na bati la Chamazi. Shabu anaikaanga kwanza hadi maji yake yakauke, ndipo inasagika unga laini usiokwaruza. Udongo wa Pugu unafuta utelezi. Na ameacha kunipaka asubuhi. Kizuia jasho hupakwa usiku kwenye ngozi kavu, kipate muda wa kukaa kabla jasho halijaanza, jambo ambalo lingeniokolea mashati kadhaa kama lingejulikana mapema.

Ila mimi alinifukuza kazi. Alisema makwapa yangu yamezoea, yanamdanganya. Alihitaji kwapa lisilo na undugu, akampata konda wa gari la Chamazi. Ukifikiri, ni chaguo la kitaalamu: konda anashinda mkono mmoja juu, ananing'inia mlangoni, na mkono wa pili umebana noti katikati ya vidole. Stiki ikiwa na mafuta, noti zitasema. Wiki nzima Mama Mdogo alikaa siti ya mbele akikagua chenji za abiria. Noti zilikuwa kavu, konda alikuwa mkavu, na kwa furaha akatangaza kuwa mama huyu hatalipa nauli kwenye gari lake.

"Na huyu?" akauliza Mama Mdogo, akinionyesha.

Konda akanitazama, akanusa kidogo, kitaalamu.

"Huyu alipe."